Siku niliyoiba baiskeli ya nyumbani kwetu

Jamani mimi na mdogo wangu tulinuniana miezi saba kisa baiskeli. Si gari, si kiwanja, baiskeli ya marehemu baba, Phoenix nyeusi ambayo ukiiona unaweza kuapa ilishuka melini na wale Wajerumani walioanza kujenga reli ya Tanga 1893. Mzee alipofariki nikasema yangu maana mimi ndo mkubwa, dogo akasema yake maana yeye ndo alikuwa anampakia baba kwenye keria kumpeleka hospitali, na hapo sina jibu mpaka leo ila kwa ubishi wangu nikanuna. Kwa mama tunakula sinia moja lakini chumvi tunaombana kupitia mtoto. "Mwambie baba yako mdogo alete chumvi", na huyo baba mdogo tumegusana magoti.

Basi siku hiyo shetani akaniamsha alfajiri. Nikajua dogo yuko msikitini na baiskeli kaiegemeza nje, kufuli hana, kwani Tanga hii kila mtu ana baiskeli, nani ahangaike na ile. Wenzangu wako kwenye sijida mimi nakunja suruali (Mungu anisamehe, na mimi nilitakiwa niwe humo ndani). Nikapanda, huyooo, nateremka na Barabara ya 12.

Sasa Ngamiani tambarare, ukishika kasi hakuna mlima wa kukupunguza. Nafika kona, mama wa vitumbua huyo hapo. Nabana breki, kimya. Nabana tena, kimya. Nikapiga kengele, na kengele ndo kitu pekee kilichokuwa kizima kwenye ile baiskeli. Mama akaruka, mimi na sufuria la uji wa pilipili manga tukaingia mtaroni pamoja, bahati yangu ulikuwa haujachemka.

Nainuka nasikia "mwiziiii!" Msikiti mzima umetoka, na mwizi kwetu huwa hahojiwi. Kandambili ya kwanza ikanipata kisogoni, kugeuka ni dogo mwenyewe, kashainua ya pili. Tukatazamana. Uji unanitiririka masikioni.

Akaganda, halafu akanilalia juu kabisa, "Acheni jamani, si mwizi huyu, ni kaka yangu!"

Babu mmoja na bakora yake akauliza, "Kwani mwizi hana ndugu?"

Kesi ikawa ngumu. Dogo akaanza kuapa eti kanituma mwenyewe niipeleke kwa fundi, saa kumi na moja hiyo ya alfajiri, fundi gani sijui, mtu udhu haujamkauka anadanganya mbele ya imamu.

Uji na vitumbua tulilipa elfu kumi na tano, nusu kwa nusu. Kifundo changu kimevimba, akanipakia kwenye keria, palepale alipokuwa anakaa baba, akawa anaikokota kwa miguu kwenda kwa mama. Njia nzima kimya. Tunakaribia mlangoni ndo nikamuuliza, we dogo, hizi breki zimekufa lini?

"Tangu mfungo mosi. Ningekwambia, ila si tulikuwa hatuongei."