Chaga za kitanda cha mtoto: kibanio au bolti?

Mdogo wangu alinunua kitanda cha mtoto cha mtumba kule Birere, mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Berso, kama wengi tunavyokiita hapa Goma. Muuzaji alimwonyesha jambo moja likampendeza sana: chaga zinazobeba godoro hazitaki bisibisi wala spana. Kona nne, vibanio vinne vya plastiki. Unasukuma, unasikia "tak", umemaliza. Alipokifikisha nyumbani Ndosho akaona kibanio cha kona ya nne si cha rangi moja na vingine, na hakilii kabisa ukikisukuma.

Jioni hiyo shemeji, mume wa mdogo wangu, na fundi seremala, mzee jirani yetu aliyetengeneza vitanda vingi vya mtaa ule, walibishana mpaka chai ikapoa. Shemeji alisema kitanda kisichotaka vifaa ndicho kinachowafaa watu wa kupanga kama sisi, ambao garanti, yaani kodi tuliyolipa kabla, ikiisha tunahama. Fundi akajibu kwamba kilichofungwa kwa kidole kitafunguliwa kwa kidole, na kwamba yeye hamlazi mtoto juu ya kitu ambacho hajakikaza kwa mkono wake. Nilikuwepo, sikusema mengi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima jambo hili, kwa sababu naona kila mmoja wao alikuwa sahihi mahali ambapo mwenzake hakuangalia.

Nianze na upande wa shemeji, maana ndio unaodharauliwa haraka. Chaga za kitanda cha mtoto hazikai mahali pamoja kama za mtu mzima. Mtoto mchanga huwekwa juu, ili mama aliyetoka kujifungua asipinde mgongo kila anapomchukua. Lakini mtoto akianza kujiinua kwa mikono, au kukaa, kwa kawaida karibu na mwezi wa tano au wa sita, chaga lazima zishushwe, na akianza kusimama zishushwe mpaka chini kabisa. Asiposhushiwa, siku moja atakamata ubao wa juu, ataegemea kwa tumbo, na kichwa kitatangulia sakafuni. Sakafu zetu ni za saruji, na nyingine ni mawe ya volkano yaliyosawazishwa tu.

Sasa jiulize ni wazazi wangapi hushusha chaga siku ile ile inapotakiwa. Kama kazi inataka ufunguo wa pembe sita uliokuja na kitanda, na ufunguo wenyewe umepotea tangu mwezi wa kwanza, baba atasema Jumapili. Jumapili atakuwa na msiba wa kwenda. Mtoto hangoji Jumapili. Kibanio kisichotaka kifaa kinaondoa kisingizio hicho: mama peke yake, dakika tano, chaga zimeshuka. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande huo, kuliko hata ile ya kuhama.

Ingawa ya kuhama nayo si ndogo. Berso iliyofungwa haipiti kwenye milango yetu mingi. Lazima ifunguliwe chumbani na kufungwa upya kule unakokwenda. Kila safari bolti moja inadondoka njiani. Sisemi habari ya kukimbia: volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye mitaa kumi ya mji ikaamriwa kuondoka, watu walibeba watoto, magodoro na sufuria, sikuona mtu aliyekimbia na kitanda kuelekea mji mdogo wa Sake. Nasema habari ya kuhama kwa kawaida, kwa mkokoteni au chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Ndosho kwenda Katindo kwa sababu mwenye nyumba amepandisha bei.

Tena fundi wetu anasahau kwamba chaga zisizotaka kifaa si mambo mageni. Kitanda cha mbao alicholalia baba yake, na anachotengeneza yeye mwenyewe mpaka leo, kina mkanda wa mbao uliopigiliwa upande wa ndani wa mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, na chaga zinalazwa juu yake tu. Hazina msumari wala skrubu; ukihama unazikusanya kama kuni. Watu wa pwani nao wana kitanda cha kamba, mbao zake zinaingiana kwenye matundu ya matendegu, na kinachobeba mtu ni kamba iliyowambwa ikakaza. Vitanda hivyo vimebeba vizazi. Lakini vimebeba watu wazima. Chaga moja ikisogea chini ya mtu mzima, ataamka akilalamika mgongo. Ikisogea chini ya mtoto wa miezi mitano, godoro linabonyea, pengo linafunguka ubavuni, miguu inateleza na uso unabaki umebanwa kati ya godoro na ubao. Mtoto huyo hawezi kujirudisha juu wala kulia kwa sauti.

Hapo ndipo ninapohamia upande wa fundi, na ninahamia kwa uzito.

Angalia jinsi kila kifungio kinavyoharibika. Bolti hulegea taratibu. Kitanda kinaanza kuyumba, kinalia usiku ukikigusa, na mama anajua kuna kitu. Una wiki, pengine miezi, ya kuonywa. Kibanio cha plastiki hakina desturi hiyo. Kinashika, kinashika, halafu siku moja kinaachia. Na kibaya zaidi, kinaweza kuonekana kimeshika hali hakijashika: kimeingia nusu, godoro limewekwa juu, shuka limetandikwa, hakuna anayekiona tena. Bolti iliyoingia nusu inatokeza kichwa, utaiona.

Kuna na zile kulabu. Baadhi ya vitanda, hasa vya zamani, chaga zake au wavu wake wa springi huning'inia kwenye kulabu za chuma katika ncha mbili za kitanda. Uzito wa mtoto unazikandamiza chini, kwa hiyo ukizitazama unaona ziko imara. Ziko imara dhidi ya uzito unaotoka juu tu. Ukinyanyua kona ya godoro kuchomeka shuka, au kaka yake wa miaka minne akiingia chini ya kitanda kucheza na kusukuma kwa mgongo, kulabu inaruka. Kona imeanguka, na wewe umekwenda jikoni. Katika nyumba zetu, ambapo watoto watatu wanashiriki chumba kimoja, huyo wa miaka minne si mfano wa kufikirika. Ndiyo maana kibanio kizuri hutaka mienendo miwili kwa wakati mmoja, ubonyeze na uvute, jambo ambalo mkono wa mtoto hauliwezi kirahisi.

Marekani walilipa gharama kubwa kwa somo linalofanana na hili. Kwa miaka mingi waliuza vitanda vyenye ubavu unaoshuka bila kifaa chochote, ili mama amfikie mtoto kwa urahisi. Ubavu ulishikwa na vipande vidogo, mara nyingi vya plastiki, vilivyovunjika, kulegea au kufungwa kinyume baada ya kitanda kufunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Tume yao ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ilivihusisha vitanda hivyo na vifo visivyopungua 32 vya watoto tangu mwaka 2000, na kuanzia tarehe 28 Juni 2011 kuviuza kukawa marufuku. Kanuni hiyo hiyo iligusa chaga pia: zinajaribiwa kwa uzito wa karibu kilo 20 unaodondoshwa juu yake mara mamia, na vifungio vinatakiwa viwe na kitu cha kuvizuia visilegee.

Fundi nilipomweleza hayo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwongezea sehemu ambayo haikumpendeza. Mwaka 2010, katika nchi ile ile, wanunuzi walitakiwa kuacha kutumia vitanda ambavyo kosa lake lilikuwa fremu ya mabomba ya chuma iliyobeba godoro: ilipinda au kuchomoka. Chuma, si plastiki. Na tangu miaka ya 1970 kanuni zao zimekataza skrubu za mbao katika sehemu ambazo mnunuzi atazifungua na kuzifunga. Sababu yake fundi yeyote anaijua moyoni: skrubu ya mbao inachonga njia yake ndani ya ubao, na kila ukiitoa na kuirudisha inakula ubao kidogo, mpaka inazunguka bila kushika. Mkalitusi ambao haujakauka sawasawa ndio mbaya zaidi, maana unasinyaa na kupasuka ukiwa tayari umekuwa kitanda. Kwa hiyo kile fundi anachokiita kukaza kwa mkono, kama ni skrubu tupu katika mkalitusi mbichi, hakimlindi mtoto zaidi ya plastiki ya shemeji.

Na hoja kwamba bolti hupatikana popote? Hupatikana, lakini sikiliza. Kitanda kilichotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi kina bolti za robo inchi, yaani milimita 6.35. Dukani kwetu utapewa ya milimita 6. Kwa jicho ni moja. Ukiiingiza kwenye nati ya robo inchi inaingia, inazunguka, unafurahi. Lakini meno hayalingani, yanashikana kwa ncha tu, na ukikaza kwa nguvu yanachubuka. Umejenga kifungio kinachoonekana cha bolti na kinachofanya kazi kama kibanio kibovu. Ukitaka kubadilisha, badilisha bolti pamoja na nati yake, uweke washa ya springi au nati yenye plastiki ndani, ili mtikisiko wa mtoto anayerukaruka usiilegeze.

Basi naona swali la kifaa au bila kifaa limewapotosha wote wawili. Cha kuuliza ni hiki: kosa likitokea, litaonekana? Na kipande kikipotea, nitapata cha aina ile ile? Kwa fremu, yaani matendegu na mifumbati, nachagua bolti za chuma bila kusita, kwa sababu hazifunguliwi ila siku ya kuhama. Kwa chaga, ambazo lazima zishuke mara mbili au tatu katika mwaka mmoja, nakubali kibanio, tena ninakipendelea, kama ni cha chuma, kama ukiondoa godoro unaona kwa macho kwamba kimefunga, na kama vyote vinne ni vile vilivyotoka kiwandani. Sharti likikosekana, narudi kwa fundi.

Kupima si kazi ngumu. Toa godoro. Weka viganja viwili katikati ya chaga, sukuma chini kwa uzito wako, kisha rudia kwenye kila kona. Halafu piga goti, ingiza mkono chini, sukuma kila kona kwenda juu. Hapa ndipo kulabu mbovu inajisema, na ndipo watu wengi hawajaribu. Rudisha godoro, ujaribu kupenyeza vidole viwili vilivyoungana kati yake na ubavu: vikipita, godoro ni dogo. Wengi wetu tunakata godoro la sponji kwa kisu kwa kukadiria, na hiyo sentimita tatu tunayoikosea ni pengo lile lile tulilokuwa tunaliogopa. Nafasi kati ya fito za ubavuni isizidi sentimita 6. Ukishapima hayo siku ya kununua, yapime tena kila unapohama na kila unaposhusha chaga.

Na kama kipande kimoja tu kinakosekana, msimamo wangu hauna pande mbili. Kitanda chenye vibanio kwenye kona tatu, na ya nne imefungwa kwa waya, ni kibaya kuliko kutokuwa na kitanda. Godoro gumu lililonyooka juu ya mkeka, mtoto analala chali, chandarua kimechomekwa pande zote, hakuna mto wala blanketi nene karibu na uso: hapo hakuna pa kuanguka wala pa kunasa. Najua baridi ya usiku wa Goma na unyevu wa sakafu wakati wa mvua. Vibao vichache chini ya mkeka vinaupunguza. Mama mkwe wa mdogo wangu aliona aibu wageni wamkute mjukuu sakafuni. Ninaielewa aibu yake, lakini nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba sitamruhusu mtoto wetu alale juu ya kibanio kisicholia.

Fundi aliitwa, akapiga goti, akasukuma ile kona ya nne kwenda juu kwa kidole kimoja. Ikaachia. Shemeji hakubisha, alikifungua kitanda mwenyewe, akakirudisha Birere kesho yake, na muuzaji akampa nusu ya pesa. Mtoto amelala kwenye mkeka miezi miwili sasa, wakati fundi anamalizia kitanda kipya: bolti kwenye mifumbati, na chaga juu ya vyuma vinne vya pembe vyenye pini ya kusukuma, ambayo walibishana juu yake tena kabla hawajakubaliana.

Juma lililopita nilipita mbele ya lile duka. Kitanda bado kipo nje. Kimepakwa rangi nyeupe mpya, na kona ya nne imefungwa waya.