Jina ni la mtu, tahajia ni ya mwenye kalamu

Kuna ubishi usiokwisha kila wapenzi wa fasihi ya zamani wanapokutana: yule shujaa wa Pate na Ozi, kwenye pwani ya Kenya, tumwandike Liyongo au Liongo? Watu wa Liyongo wameing'ang'ania y yao kama amana ya marehemu. Watu wa Liongo wanasema y haina kazi, sauti inajipitia yenyewe mtu akitamka. Nimesoma watu wazima, wenye shahada zao, wakiitana wajinga kwa ajili ya herufi moja.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeupenda asipoteze muda. Tunapoandika leo, tuchague tahajia moja, tena iliyo karibu na midomo ya wenye jina. Lakini zile za zamani tusiziite makosa, na tusizifute. Mtu aliyefariki miaka mia mbili iliyopita anapatikana katika karatasi za wakati wake, na karatasi hizo hazikuwa na habari kwamba siku moja tutasanifisha.

Tumwanze huyo Liyongo. Habari zake ziliandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya kalamu ya Kizungu kufika Lamu, na hati hizo zina tabia zake. Kasra, alama ya irabu inayowekwa chini ya herufi, hubeba i, hubeba na e. Dhumma, inayowekwa juu, hubeba u, hubeba na o. Asiyelijua jina akisoma Fumo, cheo cha Liyongo, anaweza kusema Fumu, na hakuna atakayemshika kwa kusoma vibaya. Kwa kawaida ya zamani msomaji alitarajiwa awe analijua jina tayari. Maandishi yalimkumbusha tu. Baadaye wanazuoni wa Mombasa walibuni alama za ziada ili irabu zetu tano zitofautiane, lakini miswada mingi ilishaandikwa. Halafu kuna hili: hati za Kiarabu hazikubali irabu mbili zigandane bila herufi ya kuzibeba. Kati ya i na o lazima herufi ikae, na iliyo karibu zaidi ni y. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha hadithi zake za Kiswahili London mwaka 1870, yeye hakuwa na sharti hilo. Aliandika Liongo, na alfabeti yake ilimruhusu.

Kwa hiyo wale wabishi wawili wote wana haki. Mmoja anafuata hati, mwingine anafuata alfabeti nyingine. Mimi naandika Liyongo, kwa sababu ndivyo watu wa Lamu walivyomlea kwenye karatasi, ila Liongo wa Steere nitamwacha alale alipo.

Hata aliyetuachia utenzi mashuhuri wa Liyongo, ule wa mwaka 1913, hakusalimika. Alikuwa mtu wa Lamu, mshairi, mchonga mbao, mwenye hati nzuri ajabu, na aliwanakilia miswada wataalamu wa Kizungu kadhaa, akina Alice Werner na William Hichens. Vitabu vingine vinamwita Muhamadi Kijuma, vingine Muhammad Kijumwa. Mtu aliyeshinda na kalamu mkononi maisha yake yote, jina lake mwenyewe halijatulia mpaka leo! Mwana Kupona naye, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858, mara ni maneno mawili mara ni neno moja, na babaye mara ni Msham mara ni Mshamu. Usanifishaji uliofuata mkutano wa Mombasa wa 1928 ulitupatia tahajia ya nomino na vitenzi. Haukupita makaburini kumgawia kila marehemu ya kwake.

Miji nayo imepitia hayo hayo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika maandishi ya safari zake jina husomwa Kulwa. Wareno walipokuja na mizinga yao mwaka 1505 wakaandika Quiloa. Mreno hakuwa na mazoea ya k wala w, akajisaidia kwa qu na o. Kinachonichekesha ni kwamba mwaka 1667 John Milton, mshairi Mwingereza ambaye alfabeti yake ina k na w za kutosha, anataja katika Paradise Lost miji ya kwetu kama “Mombaza, and Quiloa, and Melind”. Alfabeti ilimruhusu kuandika Kilwa, lakini ramani na vitabu alivyosoma vilishapita mikono ya Wareno. Tahajia ikishaingia kwenye ramani huwa haiulizwi tena imetoka wapi.

Sasa nije kwa Mkwawa, maana hapa ndipo mambo yanapokolea.

Jina lenyewe kwa urefu ni Mkwavinyika, na Mkwawa ni ufupisho. Tazama v katika jina la kwanza na w mahali pake katika la pili. Huyu ndiye mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe ambaye askari wake waliteketeza kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akapoteza ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, akapigana vita vya msituni mpaka alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Wajerumani walimwandika sana, na waliandika Quawa. Ukiiona mara ya kwanza unacheka: M imetoweka, na hiyo Q imetokea wapi? Ila hebu isome kama Mjerumani. Kwake qu ni kv, na w ni v. Quawa kinywani mwa Mjerumani ni Kvava. Kwangu mimi hiyo ina ukaribu na Mkwavinyika kuliko wengi wanavyodhani. M ya mwanzo imeliwa, kweli, kwa sababu wageni wengi huwashinda m inayosimama peke yake bila irabu. Lakini v ipo. Anayeichukua Quawa akaisoma kwa macho ya Kiingereza ndiye anayeipoteza.

Kisha ukaja Mkataba wa Versailles, 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa lililodaiwa kupelekwa Ulaya. Mkataba huo una matini mbili rasmi, ya Kiingereza na ya Kifaransa. Ya Kiingereza inasema “Sultan Mkwawa”. Ya Kifaransa inasema “sultan Makaoua”. Mfaransa hakuweza kuacha m na k zisimame bila irabu katikati, akachomeka a. W hakuwa na mazoea nayo, akaweka ou. Basi mtu mmoja, mkataba mmoja, kifungu kimoja, majina mawili, na yote mawili yana nguvu ya kisheria. Sijui kama kuna marehemu mwingine wa Afrika Mashariki aliyewahi kupewa heshima hiyo ya ajabu.

Na kabla ya kufika kwa Mkwawa, kifungu hicho hicho kinadai irudishwe nakala ya Kurani ya Khalifa “Othman” kwa mfalme wa Hijazi. Othman wa wanadiplomasia, Uthman wa vitabu vya dini, Athumani wa majirani zetu. Hakuna Athumani hata mmoja ninayemjua anayejiona amekosewa jina.

Fuvu lilirudi mwaka 1954, gavana Edward Twining akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, na liko Kalenga. Niliwahi kusikia mtu akisema kwamba sasa tahajia za wakoloni hazina maana tena, tumeshampata mtu wetu. Hapana. Fuvu limerudi, lakini nyaraka hazikurudi nalo. Taarifa za maofisa, barua, shajara, ramani za vita, vingi vimeandikwa Quawa. Kijana wa Iringa anayeandika tasnifu akitafuta Mkwawa peke yake kwenye makabrasha ya Kijerumani atatoka mikono mitupu, na atasema hakuna kilichoandikwa. Kimeandikwa tele, ila kimeanza na Q.

Kwa nini basi nasema tusizifute? Kwa sababu kuna mtindo unaokua wa kuchapa upya matini za zamani huku mhariri akinyoosha majina kimyakimya. Anaona anatusaidia. Akikuta Buschiri, yule kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, anaweka Abushiri. Akikuta Tippoo Tib, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, anaweka Tippu Tip. Msomaji anapata kitabu safi kisichomwonyesha mahali pa kuanzia akitaka kwenda kwenye chanzo. Tena huyo Tippu Tip ana sababu nzuri za kuandikwa hivi na vile. Jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, hilo lingine ni la utani. Magazeti ya Kiingereza yaliandika Tippoo Tib, Wabelgiji wa Kongo waliandika Tippo-Tip, na tusisahau kwamba Kiarabu hakina p. Ukiona Tib unajua kuna mtu katikati aliyesikia au kusoma kwa Kiarabu. Mhariri akiibadilisha, amefuta alama ya mguu.

Kuna wakati tofauti ya tahajia hufanya kazi nzuri bila mtu kupanga. Mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kinga ya vita vya Maji Maji, aliyenyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905, wanahistoria wanamwandika Kinjikitile Ngwale. Tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 inaitwa Kinjeketile. Wanafunzi wa sekondari wamejibu mitihani kwa tahajia hii na ile, na ninawahurumia. Lakini Hussein mwenyewe alieleza kwamba shujaa wake wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, anafanana na yule wa kweli bila kuwa yeye. Basi tumepata bahati: Kinjikitile ni mtu wa historia, Kinjeketile ni mhusika wa tamthilia. Mwalimu akiwafundisha watoto tofauti hiyo, herufi mbili zitamfanyia kazi ya kipindi kizima. Anayetaka kuzisawazisha ziwe moja ananiudhi kuliko wote.

Nigusie na majina ya manabii, maana hapo watu hupandisha sauti. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ina Ibrahimu, Nuhu, Musa na Sulemani. Tafsiri nyingine, Biblia ya Habari Njema, ina Abrahamu, Noa, Mose na Solomoni. Za kwanza ni tahajia za pwani, zilizokwishazoeleka kupitia Kiarabu kabla ya mfasiri kufika. Za pili zimeangalia upande wa pili wa bahari. Mimi nazipenda za kwanza, sifichi. Muislamu na Mkristo wa mtaa mmoja wakisema Ibrahimu na Nuhu wanajua wanamzungumzia nani. Ukileta Noa, mmoja wao ataona umemtaja mgeni. Lakini wanaodai kwamba Union ni “ya asili” na nyingine imechafuliwa, wasome vizuri: Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo. Babu amepewa jina la pwani. Mwana si Is'haka, na mjukuu si Yakubu. Wafasiri wale walichanganya, na hakuna aliyepoteza imani.

Nawasikia watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya wasomaji wa vitabu, na mtoto wa shule anahitaji jibu moja. Nakubaliana nao kwa nusu. Mtoto apewe moja: Mkwawa, Liyongo, Kinjikitile. Ila mwalimu asimkate alama aliyeandika Liongo, kwa kuwa mtoto huyo pengine amesoma kitabu cha zamani, jambo ambalo siku hizi linastahili zawadi. Na wachapishaji waweke kwenye faharasa, mbele ya kila jina kubwa, tahajia zake nyingine. Ni mstari mmoja tu. Mashine za kutafutia hazina huruma. Ukiandika herufi tofauti zinakuletea vitu tofauti, au hazikuletei kitu. Wakutubi wa zamani waliijua shida hii, wakaweka kadi inayosema “tazama pia”. Tumezitupa kadi hizo kabla hatujahamisha kilichoandikwa juu yake.

Kwa anayetaka kujaribu jioni hii: ukitafuta vita vya Pangani katika magazeti ya Kijerumani ya 1888 na 1889, andika Buschiri. Ukitafuta jiji ambalo bandari yake wengi wetu tunaijua, andika Daressalam, neno moja, a moja mwishoni. Lugha yenyewe utaikuta kwenye vitabu vya mmisionari Krapf kwa jina la Kisuaheli mwaka 1850, na Suahili kwenye kamusi yake ya 1882. Mwandishi ni yule yule, na katika miaka thelathini na miwili kalamu yake haikutulia kwenye jina la lugha aliyojifunza Mombasa.