Nipeni Tarakimu Zangu Zote!

Hivi nani aliiambia programu ya kufuatilia mtandao kwamba mimi nataka makadirio? Nimekaa hapa Kisumu tangu asubuhi, jua la Kondele linachoma mabati, natafuta kwa nini grafu ya mteja imelala chini kama maiti. Mteja yuko kwenye intaneti! Taa za ruta zinamemeta! Grafu inasema sifuri.

Kumbe kaunta ya ruta, ile inayohesabu data iliyopita, inasoma baiti 48,213,907,651, lakini faili inayotoka kwenye programu imeandikwa 4.82139e+10, yaani 48,213,900,000. Tarakimu sita tu! Zile 7,651 zimeenda wapi? Zimemezwa na mbuta ziwani? Kaunta ikipanda kwa baiti 40,000, kwenye faili hakuna kilichosogea hata unywele. Muuza omena pale Kibuye akikurudishia chenji namna hiyo, soko zima si litasikia?

Haya, iandike namba nzima basi. Kivinjari kinachochora grafu nacho kinakungoja mlangoni! JavaScript, lugha ya programu ya kivinjari, ina uhakika wa namba nzima hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Ipe hiyo hiyo lakini inayoishia na 993, inakurudishia inayoishia na 992, bila onyo, bila haya.

Wenzangu wa mitambo, mnajua dawa ilivyo rahisi: namba kubwa itolewe kama maandishi, tarakimu zote, ndani ya alama za nukuu. Alama mbili tu! Alama mbili, na jana nisingepanda mlingoti kwenye mvua kubadilisha waya mzima kabisa.