Mgonjwa wa figo na dawa ya kuzuia damu isitoke: anyimwe au apunguziwe?

Mgonjwa wa figo akipangiwa upasuaji, jamaa huambiwa mapema watafute watu wa kuchangia damu. Simu zinapigwa Muheza, Pangani mpaka Lushoto. Mashemeji, wapwa na vijana wa bodaboda wa Ngamiani, hapa Tanga, wanakunja mikono ya mashati. Ni jambo jema. Ila kuna swali linalopaswa kutangulia: je, mgonjwa atapewa dawa ya kupunguza damu itakayomtoka akiwa kisuni? Likiulizwa, jibu huwa fupi: huyu ana tatizo la figo, dawa hiyo hapewi.

Dawa yenyewe ni asidi ya traneksamiki, kazi ya Utako na Shosuke Okamoto, mke na mume wa Japani, waliyoitangaza 1962. Wakunga wanaijua, maana ndiyo anayochomwa mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Inalilinda donge la damu lisiyeyuke mapema.

Wanaoikataa wana hoja, tena nzito. Zaidi ya asilimia 95 ya dawa hii ikichomwa mshipani hutoka na mkojo vilevile ilivyoingia. Figo zisipochuja, inarundikana mwilini, na ikizidi inaweza kuleta degedege. Kwenye utafiti wa ATACAS uliochapishwa 2017, wa watu waliopasuliwa moyo, degedege liliwapata asilimia 0.7 ya waliopewa dawa, dhidi ya 0.1 ya wasiopewa, na dozi zilizotumika huko zilikuwa kubwa. Halafu kuna fistula, ule mshipa wa mkononi uliounganishwa na ateri kwa ajili ya kusafishia damu kwa mashine. Ukiweka vidole juu yake unausikia ukitetemeka. Wagonjwa hufundishwa kujigusa hapo kila siku, kwa sababu mtetemo ukikatika, huenda damu imeganda ndani na njia ya kusafishia imeziba. Daktari anayeogopa dawa ya kugandisha kwa mtu wa namna hii si mzembe.

Kuna na kumbukumbu ya aprotinini. Hiyo nayo ilikuwa dawa ya kupunguza damu kwenye upasuaji wa moyo, mpaka utafiti wa 2006 wa wagonjwa 4,374 ulipoihusisha na figo kufeli, na mwaka uliofuata ikasimamishwa sokoni. Madaktari waliofundishwa miaka ile walibaki na tahadhari.

Lakini hapa ndipo mambo mawili yanapochanganywa. Aprotinini ilishukiwa kuziumiza figo zenyewe. Tatizo la traneksamiki si hilo: figo zilizochoka ndizo zinazochelewa kuitoa. Dawa inayoharibu figo unaiacha. Dawa inayochelewa kutoka unaipunguza, na maelekezo ya kuipunguza yapo tangu zamani kwenye karatasi ya dawa yenyewe. Kreatinini, taka ya damuni inayopimwa kujua figo zinachuja kiasi gani, ikiwa kati ya mikromoli 120 na 250 kwa lita, ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Kati ya 250 na 500, mara moja kwa siku. Ikipita 500, mara moja kila baada ya saa 48. Tazama vizuri: kiasi cha kila sindano ni kilekile, kinachobadilika ni lini irudiwe. Kwa operesheni ya saa mbili, mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 600, basi, na anayekesha naye wodini ahakikishe hachomwi nyingine kwa mazoea.

Sasa takwimu inayonikosesha raha. Utafiti wa POISE-3 wa 2022 ulichukua watu 9,535 wa upasuaji usio wa moyo. Waliotokwa na damu kwa kiwango cha hatari walikuwa asilimia 9.1 kwenye kundi la dawa, na 11.7 kwenye kundi lisilo na dawa. Kwa watu elfu moja, hao ni 26 walioepushwa kutokwa na damu hivyo. Ila wenye uchujaji wa figo chini ya mililita 30 kwa dakika, na wanaosafishwa damu, hawakuingizwa kabisa. Wakati chembe sahani za damu yao, zile zinazoshikana kuziba jeraha, hata zikiwa nyingi kwa hesabu, hazishikani vizuri kwa sababu ya sumu zilizobaki mwilini! Yaani wanaotokwa na damu kirahisi kuliko wengi ndio walioachwa nje ya kipimo, kisha kutopimwa kwao kunageuzwa sababu ya kuwanyima. Nakubali kwamba tukosapo ushahidi lazima twende polepole. Sikubali kwamba kutotoa dawa ni kukaa salama, kwa maana damu inayomwagika lazima irudishwe, na hiyo chupa ya damu ina gharama yake.

Gharama hiyo haizungumzwi. Damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya tishu za wengine. Mwenye figo nzima huenda asije kuliona tatizo hilo maishani. Mgonjwa wa figo ataliona siku anapotafuta figo ya kupandikizwa: dada yake yuko tayari kumpa, vipimo vinafanywa, kinga zinaikataa. Tangu Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, waanze kupandikiza figo Novemba 2017, hili si jambo la kufuatwa India tena, linamhusu kijana wa Chumbageni anayesafishwa damu leo. Kila chupa aliyoepushwa ni nafasi aliyotunziwa.

Dawa haifanyi kazi peke yake. Kumsafisha damu siku moja kabla, bila heparini (dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine) au kwa kidogo sana, na kuupandisha mapema wingi wa chembe nyekundu za damu, kunazisaidia chembe sahani. Desmopresini, dawa nyingine ya kupunguza kutokwa na damu kwa wagonjwa wa figo, inayojulikana kwa kazi hii tangu 1983, huanza ndani ya saa moja na kwisha baada ya saa chache. Ukiirudia inapungua nguvu.

Na wapo wa kunyimwa kweli: mwenye donge la damu mguuni au mapafuni sasa hivi, mwenye historia ya kifafa, anayekojoa damu itokayo juu kwenye figo, maana donge litaziba mirija. Kwa waliobaki, ninachoomba ni kreatinini ya karibuni na uzito wa mgonjwa viandikwe juu kabisa ya karatasi ya upasuaji, pamoja na saa aliyochomwa sindano ya kwanza, ili wa zamu ya usiku asikisie.