Bora mfadhili mwenye hofu

Ukigusa habari ya misaada hapa Dar es Salaam, jibu huwa limeshaiva: mzungu hatoi bure. Kijiweni wanalisema kwa kicheko, kwenye makongamano wanalisema kwa slaidi. Hoja yenyewe sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni lile wazo linaloifuata, kwamba fedha ambayo mfadhili ameitoa kwa kuhofia usalama wake mwenyewe lazima itudhuru, na kwamba tungefaidi zaidi kama wangetoa kwa moyo safi.

Wanaolalamika wana kumbukumbu nzuri. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu tuliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo jijini. Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

Lakini hesabu hizohizo za Vita Baridi ndizo zilizotupa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Benki ya Dunia iliona reli ile haina faida. China, iliyokuwa imekosana na Moscow na Washington kwa pamoja na inasaka marafiki, ikatoa mkopo usio na riba, na kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi zikajengwa. Wamarekani nao, wasije wakapitwa, wakaweka fedha kwenye barabara ya Tanzam. Huruma peke yake isingetujengea vyote viwili.

Hata dawa zimepitia mlango huo. Januari 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilijadili UKIMWI kama tishio la usalama, mara ya kwanza kwa ugonjwa kuwekwa kwenye ajenda yake. Mwaka 2003 ukaja PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, Tanzania ikiwa kwenye kundi la kwanza la nchi, na 2008 Rais Bush alikuwa Ilala, hospitali ya Amana.

Sasa tazama fungu linaloitwa hisani linavyotendewa. Februari 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kushusha msaada wa nje wa nchi yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, fedha iende kwenye ulinzi. Wengi wameililia hiyo 0.3. Mimi namba inayonikosesha raha ni nyingine: mwaka 2023, takriban asilimia 28 ya msaada wote wa Uingereza, pauni bilioni 4.3, ilitumika humohumo Uingereza kuhudumia wakimbizi na waomba hifadhi, bili za hoteli zikiwemo. Kanuni zinaruhusu gharama za mwaka wa kwanza zihesabiwe kuwa msaada. Kwa kila pauni mia za “maendeleo”, ishirini na nane hazikuvuka bahari. Hazikununua hata panadoli Tandahimba. Na bili hiyo itakatwa ndani ya hiyohiyo 0.3, sisi tugawane kitakachosalia. Fungu lisilo na mtu wa kulipigania pale London kwa sababu ya usalama wake mwenyewe ndilo la kwanza kuchotwa.

Hoja ya upande wa pili iliyo ngumu kujibu iko ng'ambo ya Ruvuma. Umoja wa Ulaya umetoa euro milioni 20, mara mbili, kwa jeshi la Rwanda linalopambana na waasi huko Cabo Delgado, Msumbiji, kwenye mradi mkubwa wa gesi. Kitaya, upande wetu wa Mtwara, ilivamiwa na waasi hao Oktoba 2020. Anayesema usalama wa mfadhili una tabia ya kuishia kwenye bunduki na gesi, hapo sina la maana la kumrudishia.

Ndiyo maana wajumbe wetu wa Hazina wanapaswa kuchagua ni hofu ipi ya mfadhili inayofanana na yetu. Ipo moja ya wazi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia alitangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mkoani Kagera, sampuli ikiwa imethibitishwa hapa Dar es Salaam. Siku hiyohiyo Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Virusi kutoka Biharamulo vikishapanda ndege, vinakuwa tatizo la Washington pia. Maabara ya kutambua virusi kama hivyo ndiyo ya kuiweka mezani, kwa mkataba wa miaka mingi, na tuseme bila haya kwamba na wao inawalinda.