Mama naye akae

Ile hygge ya Wadenmark, yaani starehe ya kukaa pamoja nyumbani kwa utulivu, imeshafika Dar. Naona picha za sebule zenye mishumaa ya kunukia na blanketi zito juu ya sofa, chini yake wameandika kwamba haya ndiyo maisha ya utulivu. Mimi ni mwanamke wa Tanga, naishi Aarhus, mji wa Denmark, na roho inaniuma kuona tunavyobeba vitu vya dukani tukaacha kile ambacho kingetufaa kweli.

Mishumaa ina sababu yake huku. Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Anayewasha mshumaa dirishani anapambana na giza la miezi. Sisi jua tunalo, na mshumaa tunaujua kwa umeme kukatika. Hata joto la nyumba zao halitokani na mishumaa: zaidi ya nusu ya nyumba za Denmark hupashwa na maji ya moto yanayokuja kwa mabomba kutoka kwenye mitambo inayohudumia mtaa au mji mzima.

Kama ni lazima tuige kitu, basi tuige taa. Poul Henningsen, fundi wao maarufu wa taa, alikulia kwenye mwanga wa taa ya mafuta, na umeme ulipoenea akaona unaumiza macho. Kuanzia miaka ya 1920 akabuni taa zenye vifuniko vya tabaka, ili balbu isikupige usoni. Mpaka leo huku taa inaning'inizwa chini, juu ya meza ya chakula, na mwanga wake ni wa manjano. Kwetu tumezoea tyubu nyeupe darini, sebule inang'aa kama duka la dawa.

Lakini mimi kilichonigusa zaidi ni meza yenyewe. Umealikwa kwa watu, unavua viatu mlangoni, unakuta watoto wanapanga sahani. Sufuria ya supu inaletwa kama ilivyo, inawekwa katikati pamoja na mkate mweusi, siagi na jibini. Jagi la maji lipo, kahawa iko kwenye chupa, keki kaja nayo mgeni. Kisha aliyepika anakaa, na akishakaa ameshakaa. Mkimaliza kila mtu anainuka na sahani yake. Baba mwenye nyumba anakunja mikono ya shati, anaosha vyombo, na hadithi aliyokuwa anasimulia mezani anaimalizia palepale kwenye sinki.

Sasa mtazame mama kwetu siku ya wageni. Tangu asubuhi anakuna nazi, anachambua mchele, anatwanga viungo. Wageni wakishaketi na pilau lao, yeye yuko uani anageuza samaki. Mkimwita, "Mama njoo tule," jibu ni lilelile: "Kuleni wanangu, nakuja." Haji. Atakula wakishaondoka, amekaa palepale kwenye mbuzi ya nazi, sahani iko magotini, anamalizia ukoko na mchuzi uliobaki. Wote tumestarehe isipokuwa yeye, na tumeona ni sawa miaka yote.

Starehe ya jioni hatujafundishwa na mtu. Stone Town na Lamu nyumba zimejengewa baraza za mawe kabisa, watu wakae na kupiga soga. Muuza kahawa anapita na dele lake, kashata zipo, bao linachezwa mpaka usiku. Ila hesabu walioko kijiweni: ni wanaume watupu.

Najua kukaa kunataka muda, na huku muda umelindwa. Kwa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, wiki ya kazi ni saa 37, na chekechea mzazi hulipa kiasi kisichozidi robo ya gharama, iliyobaki inatoka kwenye kodi, ambayo ni kubwa. Saa kumi jioni unawaona akina baba wakipita na watoto kwenye baiskeli. Kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45, lakini barabara haikuandikwa humo. Mtu wa Chanika, pembezoni mwa Dar, anayefanya kazi Posta katikati ya jiji, anatoka alfajiri na kurudi usiku, na kama ni mwanamke, akivua viatu tu zamu ya pili inaanza. Hilo mshumaa wa kunukia hauliponyi. Linaponywa na usafiri mzuri, na mume anayeingia jikoni bila kuombwa.

Wala sitaki kuwapamba Wadenmark. Mwaliko wao unapangwa wiki kadhaa kabla, na mgeni wa nchi anaweza kukaa miaka hajaitwa nyumbani kwa mtu. Kupiga hodi ghafla ukakaribishwa chai ni utajiri wetu, na kwa hilo wao ndio wangejifunza kwetu.

Likizo iliyopita nilimwomba mama tujaribu. Tukatandika mkeka barazani, tukaleta masufuria yote, kila mtu akajipakulia. Shangazi hakufurahi hata kidogo. Kwake, mgeni kujipakulia mwenyewe ni kumvunjia heshima, na watu watasema. Namheshimu shangazi, amenilea, lakini kwa hili sikubaliani naye. Anayekuja kwetu anakuja kumwona mama pia, na siku hiyo walimwona. Alisimulia habari za Pangani za utotoni mwake ambazo hata mimi, mwanawe wa kumzaa, sikuwahi kuzisikia.

Idi ijayo nitakuwa nyumbani. Kaka zangu nimeshawaambia: nazi watakuna wao, na vyombo ni vyao.