Chozi la Puani

Ukifanyiwa upasuaji wa sainasi, vile vyumba vya hewa vya ndani ya uso, hupati hata kidonda cha kuonyesha watu. Daktari anapitia puani humo humo na kamera yake, anapanua vinjia vilivyoziba, basi. Mshono hakuna, bandeji hakuna. Kwa hiyo ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazini, ilipokwisha nikarudi kwenye dawati langu la madai ya bima, pale Posta, na ofisi nzima ikaniona mzima.

Masharti nilikuja nayo: nisipenge kamasi, nisibebe mzigo, nisiiname, na chafya ikija niachame ili isipitie puani. Hilo la chafya nililitekeleza asubuhi ndani ya daladala. Dada wa siti ya mbele akashuka kabla ya kituo chake.

Halafu kuna maji ya chumvi. Unachemsha maji, yanapoa mpaka vuguvugu, unatia chumvi, unayasukuma tundu hili yatokee tundu lile. Ila hayatoki yote. Vile vyumba vya mashavuni mlango wake uko juu, si chini, ramani ambayo mpaka leo sijaielewa. Maji mengine yanabaki humo yametulia tuli, yanakusubiri uiname.

Mchana nikajisafisha chooni, nikarudi kaunta. Akaja mzee mmoja wa kanzu, anafuatilia bima ya maisha ya marehemu kaka yake.

"Shikaboo, bzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akanitandikia makaratasi: cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye muhuri wa serikali ya mtaa, wino bado mbichi. Fomu ya madai ilikuwa droo ya chini kabisa. Nikainama.

Nilipoinuka na fomu, shingo bado nimeiinamisha juu ya kaunta, mlizamu ukafunguka. Maji chururu, moja kwa moja juu ya muhtasari. Muhuri wa zambarau ukaanza kutanuka, ukaifunika saini ya mwenyekiti wa mtaa huku natazama. Nikakamata tishu, nikajifunika uso wote.

Mzee akaushika mkono wangu. "Nyamaza, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Bzee, silii. Di baji tu."

"Ndiyo, mwanangu. Machozi ni maji."

Na yeye akaanza kulia. Foleni nyuma yake ikaingiwa na simanzi. Mama mmoja akaniuliza msiba uko wapi. Mzee akajifuta, akasogea karibu. "Kumbe marehemu ulikuwa unamfahamu?"

"Hapada!" nikasema kwa nguvu.

Akanitazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akakusanya makaratasi yake yaliyolowa, akaondoka bila kuaga. Nikajua ameudhika kwa ajili ya muhuri.

Kesho yake alirudi na muhtasari mpya. Safari hii hakuwa peke yake. Alikuwa na mama mnene wa kaniki, eda yake hata haijaisha, na amevunja miiko kuja mjini kwa shughuli maalumu.

"Ndiye huyu?" akamuuliza shemeji yake.

"Ndiye. Nilimuuliza kama anamfahamu, akasema *nampenda*."

Kaunta yote kimya. Meneja, ambaye siku nyingine humpati hata kwa simu, akachomoza mlangoni. Nikaeleza kila kitu: sainasi, kamera, maji ya chumvi, vile vyumba na mlango wake wa juu. Nikachora hadi picha nyuma ya fomu ya madai.

Mjane akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ukiinama, yanatoka?"

"Ndiyo, bama."

"Hebu inama tuone."

Nikainama. Nikatikisa kichwa kushoto, nikatikisa kulia, nikajigonga shavu. Hata tone.

"Tangu lini mlikuwa mnajuana?" akauliza mjane, akavuta kiti.

Meneja naye akavuta chake.